Gramafoni ya Zita wa Kaengesa

Benchi letu liko mtaa wa Mazwi, ubavuni mwa meza ya kioo anapotengenezea saa Mzee Felisiani, tunayemwita Majira. Ni ubao wa mkaratusi uliolazwa juu ya mawe mawili, na mwezi wa saba, upepo wa Ufipa unapokata masikio, tunakaa tumebanana kama kuku. Cornelia, muuza kahawa wetu, huleta birika saa mbili asubuhi. Wa kudumu ni Majira mwenyewe. Andwele, karani mstaafu aliyehamishwa kutoka Mbeya akanogewa na baridi, jina lake Gazeti. Na Obedi, tuliyempachika Makumbusho kwa sababu chumba chake mtaani Izia kimejaa pasi za mkaa, kandili, na gramafoni tatu za kutia ufunguo ambazo hata mkewe haruhusiwi kuzipangusa. Mimi nauza vocha hapo jirani, na masikio yangu hayana kazi nyingine.

Jumanne moja mama mmoja alishuka kwenye bajaji amekumbatia kitu kilichofungwa kitenge. Akatusalimu, akampa Majira shikamoo yake, akasema anaitwa Josefina na ametokea kijijini Kaengesa. Mama yake, Zita, walikuwa wamemzika wiki tatu nyuma. Katika kugawana vitu, wadogo zake walichukua cherehani na vitanda, yeye akaachiwa hiki ambacho hakuna aliyekitaka. Ameambiwa kijiweni kwetu yupo anayenunua. Obedi alikuwa amesimama kabla hajamaliza kusema.

Ndani ya kitenge mlikuwa na sanduku jeusi mfano wa mkoba wa safari, lina kona za chuma na mshikio wa ngozi uliokakamaa. Obedi alipoinua kifuniko tukaona sahani ya duara iliyovikwa kitambaa cha kijani, mkono wa chuma uliokunjwa kama bawa la njiwa, na kikopo kidogo cha sindano.

— Gramafoni ya mkononi, Obedi akasema taratibu. Hii siyo feki.

Gazeti akataka kujua amejuaje. Obedi akaeleza kwamba za kughushi huwekewa pembe la shaba la kung'aa ili wageni wavutike, na skrubu zake ni za nyota, wakati za zamani zote ni za mstari mmoja. Hii sauti yake inatokea tumboni mwa sanduku lenyewe. Kibati cha jina tu ndicho kilichong'oka, yamebaki matundu mawili.

Hapo ndipo Gazeti alipopata nafasi. Akasema jina liling'olewa makusudi. Sanduku hilo lilikuwa la ofisa wa Kijerumani aliyekimbilia Ziwa Tanganyika, na lazima ndani mna ramani. Obedi akambishia kwamba Wajerumani waliondoka kabla kitambaa hicho hakijafumwa. Gazeti hakutetereka. Basi lilidondoka kwenye ndege, akasema, na rubani wake alioa Mfipa, na ukitazama watu wa upande ule utaona pua.

— Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, akamalizia.

Hakuna kati yetu aliyejua tezi ni nini.

Josefina ndiye aliyemaliza ubishi. Alisema sanduku lilikuwa la baba yake, Benjamini, aliyekwenda kijana kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Wenzake walirudi na baiskeli na makoti. Yeye alirudi na hili, kalibeba kichwani pale malori yalipoishia. Alifariki Josefina akiwa na miaka minne.

— Sijawahi kulisikia likiimba, akasema. Lilikaa juu ya kabati. Mama alilipangusa kila Jumamosi, na ukimuuliza anakwambia ni la baba yako, basi. Nikilitazama naona sanduku tu. Sina cha kukumbuka humo.

Obedi akamwomba Majira aitazame mashine kabla hawajapatana. Mzee akavaa miwani yake, akafungua skrubu nne, akaunyanyua ubao uliobeba mashine na kuugeuza. Tuliona mafuta yaliyoganda kama asali kuukuu. Akafuta kwa kitambaa, akasogeza uso karibu, halafu akaacha kufuta.

Kwenye chuma palikuwa na mikwaruzo midogo: F.S. 8/72.

Felisiani Sikazwe. Mafundi wa saa wana desturi hiyo ya kukwaruza jina ndani, mahali ambapo fundi mwingine pekee ataliona.

Alivua miwani, akaiweka mezani. Kisha akasimulia. Alikuwa na miaka ishirini na moja, anajifunza kazi. Akaja mtu kwa baiskeli kutoka Kaengesa, sanduku limefungwa nyuma kwa mipira. Springi ilikatika ncha na ya kununua haikuwepo. Felisiani akamwambia aiache, arudi baada ya mwezi. Yule mtu akakataa, akakaa chini ukutani toka asubuhi.

— Nikamuuliza haraka ya nini, mzee akasema. Akanijibu wamezika mtoto wao wa kwanza, wa kiume, na mke wake tangu mazishi hajatoa neno. Jioni tu, akimpigia santuri, ndiyo anageuza kichwa. Sasa imekatika, naye hageuki tena.

Felisiani akaipasha ile ncha kwenye mkaa, akaitoboa tundu jipya, akaipachika. Jua lilikuwa linazama walipoijaribu kwa santuri ya karakana. Yule mtu akafunga mzigo wake, akaondoka anakanyaga baiskeli bila hata kunywa maji.

Josefina alikuwa ameshika ukingo wa meza. Maisha yake yote alijua yeye ndiye kifungua mimba.

— Wa kiume, akasema.

— Ndivyo alivyoniambia, mwanangu. Nimekaa miaka yote hii sijui kama yule mama alisema tena.

— Alisema, baba. Hapakuwa na mwongeaji kama yeye Kaengesa nzima. Padri alikuwa anamwomba apumzike.

Mzee akaitikia kwa kichwa, akageuka upande wa barabara, na sote tukajifanya tunatazama vikombe vyetu. Obedi akaanza kurudisha zile skrubu nne, moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayemvalisha mgonjwa.

— Dada, akasema, hiki siwezi kukinunua. Kaa nacho.

Majira akatia matone ya mafuta, akazungusha mpini wa ufunguo mara kadhaa, akaachia breki. Sahani ikaanza kuzunguka, nyepesi, bila kukwama.

Cornelia, ambaye tangu asubuhi alikuwa akimimina kahawa bila kuchangia, akaja na birika lake akasimama.

— Alikuwa anampigia wimbo gani?

Majira hakujua, yeye aliijaribu kwa santuri ya karakana. Tukamtazama Josefina.

— Santuri zilikuwa kwenye kikapu, akasema. Tulipokuwa wadogo tulizirusha bondeni, tunashindana ya nani itafika mbali. Mama alitukuta imebaki moja. Hakutupiga. Alikaa chini akatuangalia, akasema nayo hiyo irusheni. Tukairusha.

Ile sahani ya kijani ikaendelea kuzunguka mbele yetu, tupu, na tukaitazama mpaka ilipopunguza mwendo ikasimama.