Siku Nyangeta Alipoandika Kwamba Dagaa Zetu ni za Kuku

Mama zangu wa kigango, nyie mliokaa hapa Butiama kunisikiliza, na nyie mtakaoisoma hii baadaye kwa sababu leo mko shamba, nianze na waliokuwepo. Siku ile kwenye chanja zetu za kuanikia dagaa, kule Kigera, Musoma, tulikuwa watano. Mimi mwenye kampuni. Wegesa, ambaye tumeanika pamoja tangu miguu yangu ikiwa mizima. Bhoke, mke wa mwanangu wa pili. Majura, anayetuletea dagaa kutoka kwenye mitumbwi. Huyu hana undugu na mtu pale, ni utani wake tu uliomfanya wa nyumbani. Na Nyangeta, binti wa marehemu Nyasinde. Nyasinde ndiye niliyeanza naye kazi hii, tukiwa na chanja moja ya miti na wavu mkuukuu.

Simu ya kampuni alikuwaga nayo Nyangeta. Mimi shule niliishia la tatu, mambo ya stetasi za WhatsApp sikuyajua. Nilimwambia, "Wewe ndiye mdomo wetu, waambie watu." Basi kila asubuhi anapiga picha, anaandika maneno mawili matatu, wateja wa mjini, wa Bunda na wa hapa Butiama wanaona, wanaagiza. Tukafika chanja tisa. Mimi nikadhani wananunua kwa sababu dagaa zetu hazina mchanga.

Siku hiyo mvua ilitukuta dagaa hazijakauka. Wanaoanika wanajua. Dagaa ikinyeshewa inabadilika rangi, inanuka, anauziwa mwenye kuku. Lakini sisi wa zamani, ndugu zangu, leo sifichi, tulikuwa tunazianika tena, tunazichanganya na nzuri, tunanyamaza.

Majura akaja anacheka, simu mkononi. "Bibi, siku hizi wateja wako wana mabawa?"

"Mabawa gani?"

"Si unauza chakula cha kuku. Iko hapa kwenye stetasi yako."

Bhoke akanisomea. Nyangeta alikuwa ameandika: "Dagaa za leo zimenyeshewa. Hizi ni za kuku. Za kula, subirini jua."

Nikamwita mbele ya wote. "Nani amekutuma?"

"Hakuna, bibi. Uliniambia niwaambie watu."

"Nilikwambia uwaambie waje, sio wakimbie."

Wegesa akasema, "Mwache mtoto, ameandika kilichopo."

Sikumsikia. Nikamwambia Nyangeta kwamba mama yake alikufa akidhani ananiachia mtoto, kumbe aliniachia adui. Alifuta mikono kwenye kanga, akaweka simu juu ya chanja, akaenda zake kwa shangazi yake, Buhare.

Simu nikampa Bhoke, na amri juu yake: sifa tu. Ikinyesha, aandike dagaa safi. Kukiwa na mawingu siku nzima, aandike dagaa kavu. Ni mke wa mwanangu, angenikatalia vipi? Wateja waliendelea kuagiza, nami nikajiona nina akili.

Mpaka alipokuja Mama Magesa wa Bunda. Huyu anauza sokoni, na wenzake wengi pale wananunua wakimwona yeye amenunua. Alishuka na gunia letu.

"Shikamoo, mama. Nimerudisha mzigo."

"Marahaba. Si ungepiga simu tu?"

"Nilitaka uzinuse mwenyewe."

Akafungua. Sikuhitaji kuinama.

"Mama," akasema, "mimi nilikuwa naagiza bila kuona kwa sababu ya yule binti. Akisema leo hapana, napumzika. Kwa hiyo akisema leo ndiyo, naamini. Sasa kwako kila siku ni ndiyo. Mimi nitajuaje?"

Hakupandisha sauti. Aliliacha gunia, akaondoka. Bhoke akasema huku anaangalia chini, "Mama, hata mimi kila nilipoandika nilikuwa najua." Hapo ndipo nilipokaa chini, kwenye mchanga.

Najua mnasubiri niseme yote yalirudi. Hayakurudi. Sokoni Bunda habari ilienea, na huku Butiama ikafika. Nilienda Buhare mara tatu. Mara ya kwanza Nyangeta hakutoka nje. Mara ya pili shangazi akasema yuko mashine, anasaga. Mara ya tatu Nyangeta mwenyewe alinipa uji, akakaa. Nikamwomba msamaha, nikamtaja Nyasinde, nikamwambia, "Rudi, simu ni yako, andika unachokiona."

"Nimekusamehe, bibi," akasema. "Ila kuandika siwezi tena. Nikishika ile simu nitawaza kwanza wewe utasema nini. Na wateja watalijua hilo."

Chanja zimebaki mbili. Naandika mwenyewe, kidole kimoja, Wegesa ananitajia herufi. Ikinyesha naandika imenyesha. Jina la Mama Magesa naliona kati ya wanaosoma. Hajaagiza. Mwaka wote huu hajaagiza. Kuchanganya nimeacha, na hilo tu ndilo ninaloweza kusimama nalo mbele yenu na kusema nimelishinda.

Nawashukuru: Wegesa aliyebaki, Bhoke aliyeniambia, shangazi wa Nyangeta aliyenifungulia mlango, na Mama Magesa, ambaye angeweza kulitupa lile gunia njiani asinitazame tena usoni. Nawe mwenye duka, mwenye mashine, mwenye genge, ukimpa mfanyakazi simu aseme kwa niaba yenu, ujue umempa na siku mbaya azisemee. Kama hilo linakushinda, kaa na simu yako.

Majina ya watu huwa sikosei. Ila maneno ya hasira mtu anaweza kuyapunguza mwenyewe bila kujua. Wegesa, Bhoke, na wewe Majura ukiisoma: kama siku ile nilimwambia Nyangeta neno baya kuliko hilo nililoandika, nirekebisheni. Niambieni lilikuwa lipi, niliandike.