Kijisanduku cha Nne

Benchi letu liko nje ya kinyozi, hapa Hancock, mji wa baridi wa kaskazini, upande unaopata jua la asubuhi. Alhamisi ile theluji ya kwanza ilikuwa imeshaanguka na kuyeyuka. Chupa ya kahawa ilikaa miguuni pa Askofu, ambaye si askofu, ni fundi bomba anayependa kuhubiri. Rada alikuwepo, yule anayejua mambo ya kila nyumba. Spana alikuja mwisho na fomu mkononi. Wiki mbili nyuma mama yake, Mama Aili, miaka themanini na saba, aliwasha sauna ya uani, kile kibanda cha mbao cha kuogea mvuke, akasahau moto, ukuta mmoja ukaungua. Nyumba ya wazee kule mlimani imemwekea chumba, ila fomu irudi siku hiyohiyo kabla ya saa sita mchana, la sivyo anapewa mwingine. Spana alikuwa amebakiza swali moja. Akanipa mimi nisome. Nimejua kusoma mwaka jana tu, pale maktaba, na umri wangu sitini na mbili, na hawa jamaa wanajua ninavyopenda kuombwa.

— "Mkazi... anapenda... kuoga vipi?" Chini kuna vijisanduku vitatu vya kuweka alama. Bomba la mvua. Beseni kubwa. Kupanguswa kitandani.

— Na cha nne? akauliza Spana.

— Cha nne hakuna.

— Geuza nyuma.

Nikageuza. Nyuma kulikuwa na mambo ya dawa.

— Mama kazaliwa ndani ya sauna, kama wazee wote wa hapa, akasema Spana. Kila Jumamosi ya maisha yake yumo humo. Leo nimwekee alama ya bomba la mvua?

— Weka beseni, akasema Rada. Halafu waambie maji yawe ya moto mpaka alalamike.

— Maji siyo mvuke, bwana, akasema Askofu. Mvuke unatoa vitu vya rohoni. Ukioga maji matupu unabaki navyo. Kwa nini unadhani wazee wa kule wamenuna?

— Wamenuna kwa sababu ya viazi vya kule, akasema Rada. Sikia, Spana. Kila Jumamosi tunampelekea mawe ya moto ndani ya chupa ya kahawa. Tunafunga mlango wa bafu, tunayamwagia maji.

— Na king'ora cha moshi? akauliza Spana.

— Tunakivalisha soksi.

— Hamfikirii mbali nyinyi, akasema Askofu. Tunajenga sauna juu ya tela. Naivuta na gari langu, naiegesha chini ya dirisha lake.

— Mama atatokaje?

— Dirishani.

— Ana nyonga ya chuma, Askofu.

— Basi mlangoni. Sing'ang'anii dirisha.

Spana hakucheka.

— Nyinyi chezeni tu. Dada yangu kanipigia kutoka Arizona, anasema nikimpeleka nimemzika hai. Nikimwacha ataungua. Haya, nichague kipi?

Askofu akammiminia kahawa.

Akapita dada mmoja, sare ya bluu, anakwenda kazini. Delphine, hana hata mwezi mjini, anaogesha wazee kulekule mlimani. Alituona tumeinamia karatasi akasimama. Nikamsomea jina la Mama Aili na swali, safari hii bila kukwama.

— Hiyo kaandika mtu asiyeogesha mtu, akasema. Anayeogesha ni mimi. Hebu niambieni, huko kwenye sauna mnafanyaje?

Tukasema wote kwa pamoja. Kuni, mawe, ndoo ya maji baridi. Wanawake zamu yao, wanaume zamu yao. Na mnasuguana mgongo, maana mkono wako mwenyewe haufiki.

— Sawa. Sasa Mama Aili siku hizi nani anamsugua?

Rada akamgeukia Spana amjibie. Sijawahi kumwona akifanya hivyo.

— Alikuwa anakuja mdogo wake, Lempi, akasema Spana taratibu. Lempi tulimzika.

— Lini?

— Miaka sita.

— Na tangu hapo?

— Mimi napasua kuni. Nawasha, namwachia taulo mlangoni. Halafu nakaa jikoni namsubiri. Akitoka ananiambia kaoga vizuri.

Askofu aliinua chupa ili awe na la kufanya, likatoka tone moja.

Spana akachukua kalamu, akaweka fomu gotini, akasaini. Vijisanduku vyote vitatu akaviacha vitupu. Akaanza kuandika pembeni kabisa ya karatasi, "Asuguliwe...", kalamu ikasimama katikati ya mstari.

— "Mgongo" inaandikwaje? akaniuliza bila kuinua uso.

Spana kamaliza shule yote. Anajua. Nikamtajia herufi moja moja, polepole, mpaka akafika mwisho.