Sista Martina Mughenyi: Miaka Thelathini na Saba ya Usingizi, Siku Moja ya Roki

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Sista Martina Mughenyi, muuguzi wa usingizi wa hospitali yetu, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na saba. Mhariri wa jarida ameniagiza niandike habari zake bila kujitaja. Nimejaribu mara mbili nikashindwa. Kuna jambo moja nilihusika nalo, na wasifu wake bila jambo hilo ungekuwa nusu.

Sista Martina alizaliwa Ikungi, akaajiriwa hapa mwaka 1988 katika wodi ya wazazi. Baadaye alikwenda kusomea usingizi, na tangu aliporudi hajatoka thieta, chumba chetu cha upasuaji. Wagonjwa wanaotetemeka mezani hajawahi kuwaambia wasiogope. Huwashika mkono na kusema, "Ogopa tu, lakini ogopa huku unanitazama." Wengi wamelala wakimtazama hivyo, na wameamka wakimwulizia yeye kabla ya ndugu zao.

Mwaka 1994 daktari mmoja kutoka Ulaya alimaliza mkataba, akamwachia gramafoni na santuri arobaini na moja za roki ya zamani. Tulidhani zitaishia kufunikia mitungi. Kumbe ndiyo kwanza mapenzi yalianza. Kila Jumamosi alizifuta kwa pamba, moja moja, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Mwezi wa Agosti, upepo wetu unapobeba vumbi, alitundika kanga mbichi madirishani ili santuri zisikwaruzwe. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, sauti ya mwimbaji huzama taratibu mpaka inakuwa kama ya fahali, naye hucheka hadi machozi. Jumapili alikuwa kanisani na kwaya yake kama kawaida.

Kaka yake, Mzee Obadia, ambaye ni mzee wa kanisa, hakucheka. Kwake hizo zilikuwa kelele za wahuni, na mjane mwenye umri wa dada yake hakuwa na haki ya kuzipenda.

Agosti 2017 Sista alikuja ofisini kwangu, utumishi, akafunga mlango. Bendi moja ya wazee wa roki ilikuwa inakuja Nairobi. Alikuwa amesikiliza santuri kwa miaka ishirini na mitatu bila kuona hata siku moja gitaa la roki likipigwa mbele ya macho yake. Alihitaji barua ya mwajiri ili apate hati ya kusafiria.

"Nyumbani nimesema nakwenda Arusha kwa mama mdogo," aliniambia. "Fabiano, usimwambie mtu."

Nikaahidi, kisha nikaanza kuwa na wasiwasi papo hapo. Aliondoka Alhamisi. Ijumaa nikampigia, simu haipatikani. Jumamosi, siku ya tamasha, nikapiga mara nne. Nilijua laini yake haifanyi kazi Kenya, lakini kujua hakukunisaidia. Jumapili ibadani sikusikia neno la mahubiri.

Jumatatu saa sita mchana habari zikaingia kwenye simu za watu: basi litokalo Arusha kuja Singida limepinduka karibu na Katesh. Majeruhi wengi. Wanawake wawili wamefariki, majina bado.

Hata sijamaliza kusoma, Mzee Obadia alikuwa mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimempigia mama mdogo Arusha. Anasema hajamwona Martina tangu mwaka jana. Ruhusa yake uliandika wewe. Dada yangu yuko wapi?"

Niliangalia meza. Nikisema, nimevunja ahadi. Nikinyamaza, mzee huyu atamtafuta dada yake mahali asipokuwa, na leo si siku ya kupotezeana muda.

"Alikwenda Nairobi, mzee. Kusikiliza muziki. Alipaswa kurudi leo, kwa basi la Arusha."

Nilingoja anipigie kelele. Hakupiga. Alivaa kofia, akaivua tena, akasema, "Twende."

Mganga mkuu alitupa gari. Njia nzima Mzee Obadia alisema neno moja tu, tulipopita Singida mjini: "Ongeza mwendo." Mimi nilihesabu nguzo za umeme ili nisifikirie. Tulifika hospitali ya Katesh kama saa tisa na nusu. Tukaambiwa wale wanawake wawili bado hawajatambuliwa, aingie ndugu mmoja. Mzee Obadia alifika hadi mlangoni mwa chumba cha maiti, akashika ukuta.

"Siwezi," alisema. "Ingia wewe, mwanangu."

Niliingia. Shuka la kwanza halikuwa yeye. Kabla ya shuka la pili nilisimama muda ambao mhudumu aliuona mrefu, akaniuliza kama ninahitaji kiti. Halikuwa yeye. Nilitoka nikitikisa kichwa, na mzee akakaa chini sakafuni, na suti yake.

Tulimkuta wodi ya mwisho. Mkono wake ulikuwa umefungwa kifuani kwa kitambaa, mfupa wa bega umevunjika, na damu imekauka kwenye nywele. Hakuwa amelala. Alikuwa amekaa kando ya kitanda cha msichana aliyekuwa anashonwa paja, akizungumza naye kwa sauti ya thieta. Alipotuona, uso ulimbadilika.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," akajibu Mzee Obadia. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Hatimaye mzee akauliza, "Walipiga vizuri?"

"Vizuri sana, kaka. Nililia."

"Basi," alisema, akavua koti akamfunika nalo mabegani.

Mimi, Sista hakunisemesha kwa wiki mbili. Siku ya kumi na tano aliniletea chai ofisini, akasema, "Ulifanya sawa kusema. Lakini iliniuma." Hatukuongea tena habari hiyo, na nimemwomba ruhusa kabla ya kuiandika hapa.

Bega lilipona, akarudi kazini akaendelea miaka minane. Aneth, atakayemrithi, amefunzwa naye. Hata hivyo tusidanganyane, tuna hofu. Ijumaa iliyopita Aneth alimlaza mgonjwa wa kwanza bila msaada. Sista alisimama mlangoni, mikono nyuma, kwa saa nzima. Mgonjwa alipofumbua macho na kutaja jina lake mwenyewe, Sista aligeuka, akaenda kuvua viatu vya thieta na kuvaa vya nyumbani.

Dada Martina, ahsante kwa kila aliyelala akaamka. Mungu akupe siku ndefu katika nyumba yako mpya ya Mwankoko, na majirani wavumilivu. Santuri ukiiweka, usipunguze sauti.