Sylvester Heche Nyamhanga, Mlinzi wa Simba Aliyeogopa Simba

Baba Paroko, wazee wetu, shikamooni. Ndugu wote mliotoka karibu na mbali kutusindikizia mpendwa wetu, familia inawashukuru.

Marehemu Sylvester Heche Nyamhanga alizaliwa tarehe 14 Aprili 1971 katika kata ya Busawe, wilaya ya Serengeti, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Heche Nyamhanga na mama Agustina, ambaye Mungu amemjalia kuwa nasi leo.

Alisoma shule ya msingi huko huko Busawe kuanzia mwaka 1980 hadi 1986, kisha akajifunza useremala kwa mapadri wa misheni, Tarime. Utotoni aliogopa simba kuliko wenzake wote. Akichunga ng'ombe aliimba litania kwa sauti kubwa, akiomba na kujiitikia mwenyewe, ili simba wadhani wako watu wengi. Wenzake wa rika wakamwita Padri wa Ng'ombe, na jina hilo halikumtoka.

Tarehe 5 Julai 1997 alifunga ndoa takatifu na Winfrida, binti wa kijiji hiki cha Mbalibali, akajenga hapa. Miaka mingi alikuwa na karakana Sirari, akitengeneza milango na vitanda vya wafanyabiashara wa pande zote mbili za mpaka. Mwaka 2012 shirika moja linalookoa na kulinda simba, chui na duma lilimwajiri kujenga milango ya mazizi, kwa kuwa zizi likifungwa vizuri hupona ndama na hupona chui. Baadaye likamfanya mlinzi wa kijiji. Mnyama aliponaswa, yeye aliwazuia watu wasimkaribie mpaka madaktari wafike na sindano ya usingizi.

Hakuacha kuogopa. Winfrida anasimulia kwamba simu ya kazi ilipoita, mumewe alishindwa kufunga kamba za viatu kwa hofu, naye akamfungia. Siku moja alimsihi aiache kazi ile. Akamjibu, "Mama Felix, wakimpeleka asiyeogopa, atawasogelea simba."

Jumapili tarehe 9 Februari 2025, baada ya misa, simba jike alionekana kwenye mahindi hapa Mbalibali, waya wa mtego umemzama shingoni. Watu walikusanyika na mishale. Marehemu alisimama katikati, akimpa simba mgongo, akiwasihi watu warudi nyuma. Jiwe likarushwa, likampata simba. Simba akamrukia marehemu, aliyekuwa karibu, akamrarua paja. Madaktari walifika, wakamlaza simba, wakamtoa waya na kumrudisha hifadhini. Marehemu alipelekwa hospitali. Kidonda kiliingia uozo, damu ikachafuka.

Huko hospitali alitembelewa na Ryoba, waliyetahiriwa naye msimu mmoja. Ryoba alisema kwamba rika halilali mwenzao akiumizwa, na kwamba dumu la dawa ya wadudu limekwisha kupatikana, bado mzoga tu wa kuwatilia simba sumu. Marehemu alishika mkono wake.

"Ryoba, simba hakujifunga ule waya. Mkitaka kulipiza, anzeni hapo kwetu."

"Wewe pona kwanza, Padri. Hayo tuachie sisi."

"Sumu ataila mbwa, na mbwa atarudi nyumbani. Niahidi."

Ryoba hakuahidi. Marehemu alifariki dunia tarehe 2 Machi 2025, alfajiri. Jana Winfrida aliwaambia wanarika mbele ya wazee kwamba hataruhusu udongo umwagwe kaburini kabla dumu hilo halijaletwa.

Marehemu ameacha mama, mjane, watoto watatu, Felix, Teresia na Tabitha, na wajukuu wawili.

Maneno yafuatayo hayamo katika karatasi mlizoshika, kwa sababu zilikuwa zimekwisha kuchapwa. Dumu limeletwa asubuhi hii. Liko nusu. Ryoba ameulizwa na wazee iliko nusu nyingine, akasema, "Wazazi wangu, nami nimelikuta hivyo." Amelia, na tunamwamini. Kwa hiyo tunawaomba, mtakapotoka hapa, fungeni mbwa. Ng'ombe wasipelekwe upande wa mto. Mtoto yeyote asiokote nyama, wala msipokee nyama msiyomjua mchinjaji wake. Na aliye na nusu ile ya sumu, kama yumo kati yetu, aseme kabla hatujashika majembe. Tutasubiri.

Bwana ampe Sylvester pumziko la amani.