Wageni wa Angani Walinikataza Kulia

Apewe sifa Bwana, wapendwa! Apewe sifa na ninyi mlioketi kule nyuma karibu na mlango, maana na ninyi ni wake!

Kwa wasionijua, naitwa Consolata, ingawa wengi hapa mnaniita Mama Ange. Nimezaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, Kiswahili changu kina mambo yake, mtanivumilia. Nakaa hapa Uswidi, Norsborg, kule treni inakoishia, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Leo nimesimama kumshukuru Mungu kwa jambo ambalo sijawahi kusikia mtu akilishukuru kanisani. Namshukuru kwa sababu nililia.

Msicheke. Nisikilizeni kwanza.

Mnakumbuka miaka ile kanisa letu lilipogawanyika kwa ajili ya uongozi wa kwaya. Watu waliokimbia vita pamoja, waliogawana hema kambini Kigoma, wakawa hawasalimiani kwenye treni! Mimi nilichoka. Nikasema, kama na hapa ni vita, nitabaki nyumbani na Mungu wangu. Nikaacha kuja. Kidogo kidogo, hata kuomba nikaacha.

Wakati huohuo kazini walinipangia mama mmoja mzee wa Bredäng, anakaribia miaka tisini. Jina lake Gunvor. Hapa Uswidi mzee anaitwa kwa jina lake hivihivi, na ulimi wangu ulichukua muda kukubali. Mume wake, Arne, alikuwa ameshafariki. Ndugu zangu, sijawahi kuona mtu mpole kama yule! Nikichelewa, hanung'uniki. Mfanyakazi wa jioni akimwachia vyombo vichafu, hamsemi. Siku moja nikamwuliza, "Gunvor, unawezaje?"

Akaonyesha juu, dirishani. "Wanatuangalia," akasema.

Nikadhani ni malaika. Kumbe alikuwa anasema wageni wa angani, wale wa visahani vinavyoruka!

Akanieleza pole pole, siku baada ya siku, mimi nikimchana nywele. Alipokuwa msichana, vita kuu imekwisha na dunia inaliogopa bomu, watu wa nchi nyingi walianza kusema wameona vyombo vinavyong'aa mbinguni. Yeye na Arne na rafiki zao wakaunda kikundi. Waliamini kwamba wageni hao wanatoka kwenye dunia zisizojua vita, kwamba ni kama kaka na dada zetu wakubwa, na kwamba bomu lile liliwahuzunisha. Wangeshuka, ila wanangoja mioyo yetu isafike. Kwa hiyo wale vijana hawakukaa tu kutazama juu. Walijirekebisha. Hawakula nyama, hawakunywa pombe, hawakupaza sauti, hawakusema uongo. Na kila jioni kila mmoja aliuchunguza moyo wake: leo nimemkasirikia nani, nimemwazia nani mabaya?

Mtaniuliza, mtu mzima, mama wa watoto, uliaminije hayo? Ndugu zangu, mimi niliikimbia nchi yangu nikiwa mtoto, nimebebwa mgongoni na dada yangu, risasi zinalia nyuma yetu. Mtu kama huyo akiambiwa kuna ndugu huko juu wasiojua vita, na wanamsikitikia, hatatega sikio? Mimi nilitega yote mawili!

Kikundi kilikuwa kimebaki wazee wachache. Jumapili mchana walikutana kwa Gunvor, wakanywa kahawa na biskuti, wakakaa kimya. Hakuna aliyegombea chochote. Nikaanza kukaa nao. Mwezi wa sita tulishuka mpaka kwenye miamba ya ziwa, tukaketi usiku tukitazama mbingu zile za kiangazi zinazokataa kuingia giza. Mimi mweusi peke yangu, na kwa miaka yangu thelathini na kitu ndiye niliyekuwa kijana wao!

Sitasimama hapa niwatukane. Nilifaidika kwao. Niliacha kuwapigia watoto kelele. Niliacha simu za umbea. Binti yangu Ange, ambaye hunijibu kwa Kiswidi hata nikimsemesha Kiswahili, aliniambia, "Mamma, du har blivit snäll," yaani mama, umekuwa mpole. Nikafurahi.

Lakini furaha ile ilikuwa na hofu ndani yake. Kila jioni nilipojichunguza niliona doa jipya. Nikimkasirikia mtu kwenye basi, nahisi wale wa juu wamesogea mbali. Nilijisugua kama sufuria iliyoungua chini, na weusi hauishi. Wala hapakuwa na wa kuniambia, basi, umesamehewa. Palikuwa na kujaribu tena kesho, basi.

Ndipo dada yangu Espérance akafa.

Huyo ndiye aliyenibeba. Wazazi wetu walipokufa, yeye ndiye aliyekuwa mama, akiwa bado msichana. Alirudi Bujumbura vita vilipotulia, mimi nikaletwa huku. Aliugua muda mfupi tu. Hati yangu ya kusafiria ilikuwa imeisha muda wake, nikashindwa kwenda. Nilitazama mazishi kwenye simu, jikoni, picha inakatika-katika.

Nilipomwambia Gunvor, nikisema tu kwamba dada ameondoka, alinishika mkono. Sauti yake ilikuwa ya upendo, Mungu ni shahidi wangu. "Usilie, Consolata," akasema. "Machozi ni uzito, na moyo mzito hawawezi kuukaribia. Mimi sikulia Arne alipoondoka."

Alinipa ushauri ule kama mtu anayekupa dawa aliyoitumia mwenyewe. Nami nikaimeza. Sikulia.

Ange akaniuliza, "Mamma, varför gråter du inte?" Mama, mbona hulii? Nikamjibu kwamba mama yake mkubwa yuko mahali pazuri. Akaniangalia kama anaangalia mgeni, akaingia chumbani, akafunga mlango. Nikamsikia analia. Ndugu zangu, mtoto wangu alimlilia mama yake mkubwa peke yake, na mimi nimesimama nje ya mlango na macho makavu!

Mwili haudanganyiki. Kifua kikaanza kubana. Chakula hakipiti. Usingizi ukanikimbia. Asubuhi moja nilipiga magoti kumfunga Gunvor viatu, nikashindwa kuinuka, nikaitiwa gari la wagonjwa mpaka hospitali, Flemingsberg. Wakanipima kila kitu. Daktari, binti mmoja mwenye subira, akasema, "Moyo wako ni mzima kabisa. Je, kuna jambo limetokea nyumbani?"

Nikasema hapana. Mimi niliyejizuia hata uongo mdogo, nikamtazama daktari machoni nikasema hapana! Nikarudishwa nyumbani, kifua kimebana vilevile.

Jumamosi iliyofuata, mchana, mlango ukagongwa. Ni Mama Furaha. Huyu hapa mbele, mwenye kitenge cha njano, mnamjua. Mtu wa Bukavu, sauti yake inasikika kabla hajatoka kwenye lifti! Wakati wa ugomvi wa kwaya alikuwa upande ule mwingine, na tangu hapo hatukusalimiana. Alikuwa amebeba sufuria ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, yenye nyama. Hakungoja akaribishwe.

"Nilisikia jana tu," akasema. "Dada yako alikufa, na weye unanyamaza? Nani alikufunga kinywa?"

Nikamwambia kweli. "Nimefundishwa nisilie. Machozi ni uzito."

"Uzito?" Akaweka sufuria juu ya jiko. "Ndiyo, ni uzito. Ni kwa sababu ya ile nimekuja."

Akavua viatu, akajifunga kitenge, akaketi chini sakafuni. Halafu akapaza sauti akamwita dada yangu, mtu ambaye hajawahi hata kumwona! "Espérance weee! Espérance! Umetuachia nani?"

Wapendwa, sijui niseme nini kilitokea. Nilianguka pale kando yake, nikalia. Nilimlilia dada. Nikawalilia baba na mama, ambao hatukuwahi kuwalilia kwa sababu tulikuwa tunakimbia. Ange akatoka chumbani mbio, akaniangukia shingoni, tukalia wote watatu, Mama Furaha akituita, nasi tukiitikia, kama nyumbani kabisa.

Mlango ukagongwa tena. Nikafungua uso umelowa. Alikuwa jirani wa juu, Mswidi mmoja mkimya, ambaye kwa miaka yote tuliinamishiana vichwa tu kwenye lifti. Amekuwa mweupe kama karatasi. Akauliza, "Är det någon som är död?" Kuna mtu amekufa?

Nikasema, "Ndiyo. Dada yangu amekufa."

Ndugu zangu, ilikuwa mara ya kwanza kinywa changu kutamka maneno yale, kwa lugha yoyote! Na nilipoyatamka, kifua kikafunguka. Nilivuta pumzi ikashuka mpaka chini. Haleluya!

Yule bwana alisimama pale kidogo. Kisha akavua viatu, akaingia, akaketi ukingoni mwa kochi, mikono yake haijui pa kwenda. Mama Furaha akampakulia sombe. Akala yote.

Hapo ndipo Yesu aliponipata. Nilikumbuka niliyofundishwa utotoni, kwamba yeye mwenyewe alilia kaburini kwa rafiki yake, mbele za watu, wala hakuona haya. Nikaelewa. Wale wageni walikuwa wananingoja nisafike ndipo washuke. Yeye alishuka nikiwa hivyohivyo, kamasi zinanitoka, nyumba haijafagiwa, nimekaa sakafuni! Jioni ile nilikula sombe na nyama yake, nikalala kama mtoto mchanga. Na kifua kile hakijanirudia mpaka leo.

Nilirudi kazini kwa hofu. Nilifikiri Gunvor atanikataa. Nikamwambia, "Gunvor, nimelia. Nimelia sana."

Akauliza, "Na hujaachwa?"

"Sijaachwa. Yule ninayemwamini, yeye mwenyewe alilia."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

Akatazama dirishani muda mrefu. Kisha akaanza kunisimulia jinsi Arne alivyokufa, jambo ambalo hakuwahi kunigusia. Alimkuta sakafuni bafuni, asubuhi, maji yanatiririka. Akafunga bomba. Akatandika kitanda. Akawapigia watu wa kikundi akawaambia kwa sauti tulivu kwamba Arne amekwenda. Basi. Alipomaliza kusimulia, akanigeukia.

"Nyumbani kwenu," akasema, "mnafanyaje?"

Nikaketi kando yake, nikamshika mabega. Nikamwambia, "Tunaanza kwa kumwita jina."

Akaita, kwa sauti ndogo sana. "Arne." Akaita tena. Mara ya tatu sauti haikumaliza jina.

Sitawadanganya kwamba siku ile aliokoka. Bado anatazama juu, na ninamwombea. Lakini ninamshukuru Mungu kwa ajili yake, maana alinifundisha kuuchunga ulimi, na hilo sijaliacha. Nakushukuru, Mama Furaha, mbele ya watu wote hawa. Mimi na wewe tulikosana kwa ajili ya nyimbo, na wewe ndiye uliyevuka! Zaidi ya wote namshukuru Bwana, asiyekimbia moyo mzito.

Sasa naongea na wewe unayesema, nitamrudia Mungu nikishajitengeneza. Mpendwa, utachoka. Mtumaini leo, na doa lako, na hasira yako, na kifua chako kilichobana. Yeye anaingia.

Na najua hapa ndani wamo wengi ambao watu wao walizikwa mbali, wakatazama kwenye simu, kesho yake wakaamka kwenda kazini. Hamkulia. Hamkupewa nafasi. Basi mchungaji ameniruhusu. Tusimame wote. Mimi nitanyamaza sasa, na kila mmoja amtaje wake kwa sauti, wala asiogope majirani.