Kuldip Singh, Dereva Asiyemwacha Mtu Kituoni

Wasikilizaji wapendwa, vuteni kiti, punguzeni moto wa jiko, mnipe masikio yenu kidogo. Leo tunamkumbuka mtu ambaye huenda mlipanda basi lake bila kulijua jina lake. Jina lake ni Kuldip Singh. Mzaliwa wa Kisumu, mkazi wa Ilford, dereva wa basi hapa London kwa miaka ishirini na tisa. Ametutoka Jumanne iliyopita, nyumbani, asubuhi, chai ikiwa mezani. Alikuwa na miaka sabini na miwili.

Sauti yake mnaifahamu. Ndiye yule mzee aliyekuwa akipiga simu hapa studio Peckham kila nikitangaza habari za barabara. "Bwana Akil, hiyo njia imefunguliwa tangu saa mbili. Unatupotezea watu bure." Alinikera mno. Nami nilimpenda, na wiki hii simu ikilia bado nadhani ni yeye.

Kuldip Singh alikuwa na sheria moja tu kazini. Hakumwacha mtu kituoni. Dereva mwenzake, Aristide wa Bukavu, aliyefundishwa kazi naye, ameniambia hivi: "Mzee alinionyesha kitu kimoja mbele ya vyote. Kabla ya kufunga mulango, angalia kioo. Ukiona mutu anakimbia, umungoje. Wakubwa walikuwa wanamugombeza juu ya ratiba. Yeye alikuwa anacheka tu."

Alipostaafu, hakuacha usukani. Alimpeleka mkewe sokoni, hekaluni, kwa daktari, popote. Mkewe ni Jaspal, sisi humwita Mama Jaspal, na haya yote nimeyapata kwake. Mama Jaspal ana leseni kwa miaka thelathini. Lakini Kuldip hakuwahi kukaa kiti cha abiria mkewe akiendesha. Hata siku moja. Akishika yeye ufunguo, basi ni yeye.

Halafu macho yakaanza. Daktari alimwambia ukweli. Mbele unaona sawasawa, mzee, ila pembeni kumeanza kufifia. Bado aliruhusiwa kuendesha, na angepimwa tena Oktoba. Binti yao, Manpreet, alimsihi aache mara moja. Kuldip akanuna wiki nzima. Mama Jaspal moyoni alikuwa na hofu. "Nilijiambia," anasema, "ama atanipa huo ufunguo kwa mkono wake, ama siku moja nitauchukua kwa polisi."

Jumamosi moja Kuldip akatandaza ramani juu ya meza ya jikoni. Ugiriki. Kwa miaka mingi, wasikilizaji wapendwa, basi lake lilikuwa likisimama kwenye taa nyekundu mbele ya duka la wakala wa safari. Dirishani kulikuwa na picha ya monasteri juu ya mwamba mrefu. Akiitazama, taa inageuka kijani, anaondoka. Miaka yote hiyo hakuwahi kuimaliza ile picha. "Twende tuitazame vizuri," akamwambia mkewe. "Tukirudi, tutazungumza habari ya macho."

Wakaenda. Ilikuwa Aprili, mwaka juzi. Wakakodi kigari cheupe mjini Athens, wakashika njia ya kaskazini. Hakuna ratiba, hakuna mkaguzi, hakuna kengele ya abiria. Siku ya kwanza Kuldip hakujua la kufanya na uhuru huo. Alikuwa akitazama saa kila kona, kisha anajicheka.

Huko Delfi, kwenye magofu, alikaa juu ya jiwe karibu saa nzima, kilemba chake cha buluu kikionekana tangu chini ya kilima. Nguzo chache zimesimama, nyingine zimelala kwenye majani, na vimaua vyekundu vimeota katikati. Mama Jaspal alimwuliza anawaza nini. Akajibu kwamba hapa ndipo mahali pa kwanza ambapo hakuna mtu aliyemwambia amechelewa.

Siku ya tatu wakafika kwenye ile miamba ya pichani. Monasteri ziko juu kabisa. Waliambiwa kwamba zamani watawa walivutwa kwa kamba, wamekaa ndani ya wavu. Kuldip akaangalia juu, akaangalia chini. "Kumbe hata hawa walikuwa na dereva. Na huyo wa kamba ukimkasirisha, umekwisha." Mama Jaspal alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Hawakuwa wamecheka hivyo tangu yale maneno ya daktari.

Kisha wakaingia vijiji vya milimani, nyumba za mawe, barabara nyembamba. Na huko tabia ya kazi ikamrudia. Kila alipoona mtu amesimama kituo cha basi, anakanyaga breki. Wa kwanza alikuwa mzee mwenye msumeno. Wa pili, mama na kapu la mboga. Kigiriki hajui hata neno, basi akawasemesha Kiswahili. "Karibu mama, panda, gari ni lako." Nao wakapanda! Mama Jaspal akawa analalamika, "Sardarji, hili si basi." Ndivyo alivyozoea kumwita, kwa heshima ya Masingasinga. Naye Kuldip akamjibu, "Mtu yuko kituoni, gari limefika. Unataka nini zaidi?"

Siku ya sita, asubuhi, mlimani. Jua limetoka, barabara ni tupu. Kuldip anaendesha polepole, anaimba kwa sauti ya chini. Kwenye kona moja, upande wa kulia, kulikuwa na kituo. Kimesimama peke yake, na bibi kizee amevaa nguo nyeusi, mkono ameunyoosha juu. Mama Jaspal alimwona tangu mbali. Alisubiri breki.

Gari likapita.

Anasema alitumaini mumewe anamtania. Kisha akasema, "Sardarji, umemwacha mtu."

"Mtu gani?"

"Bibi. Pale kituoni. Alikuwa amenyoosha mkono."

Kuldip alitazama kioo cha pembeni. Bibi alikuwa bado pale, mkono ameushusha sasa. Miaka ishirini na tisa, wasikilizaji wapendwa. Miaka ishirini na tisa hakumwacha mtu, na huyu alimpita kwa umbali wa hatua mbili bila kumwona.

Hakujitetea. Alitafuta mahali pa kugeuzia gari, akarudi, akashuka mwenyewe kumfungulia bibi mlango. Bibi alikuwa na chupa ya mafuta ya zeituni, akaonyesha kidole juu mlimani. Alikuwa akiipeleka monasteri. Walipofika, mtawa wa langoni akakitazama kile kilemba na kuonyesha kwamba wanaume huvua kofia. Bibi akasema maneno mengi kwa ukali. Sijui alisema nini. Mtawa akacheka, akawakaribisha hivyo hivyo, akawaletea maji na vitamutamu vyenye unga wa sukari.

Wakati wa kuondoka, Kuldip hakwenda upande wa usukani. Alisimama kando ya gari, akamshika Mama Jaspal mkono, akamwekea ufunguo kiganjani.

"Endesha wewe, Jaspal. Mimi nitakuonyesha watu."

Mama Jaspal anasema aliogopa zile kona kufa, na machozi yalikuwa yakimziba macho, lakini aliendesha. Na Kuldip Singh akakaa kiti cha abiria. Alikaa hapo kwa karibu miaka miwili, mpaka Jumanne iliyopita, akikosoa gia zake na kupiga kelele, "Kituo hicho! Tazama kushoto!"

Mazishi yalikuwa Ijumaa. Jana nilimwalika Mama Jaspal hapa studio. Alichelewa dakika arobaini. Nilimpigia simu, hapokei. Alipoingia, koti limelowa, akaniomba radhi. Kule Lewisham, mvua ikinyesha, alimwona mama mmoja na mifuko yake anakimbiza basi, na basi likaondoka. Akasimamisha gari, akamfungulia mlango. Yule mama alisita, akamtazama mara mbili, akapanda. Alikuwa anakwenda upande mwingine kabisa.

Nilimwuliza kwa nini, ilhali alijua tunamsubiri. Akanijibu, "Kiti cha abiria kilikuwa kitupu, Akil. Sikuweza kumpita."

Mama Jaspal, Manpreet, na jamaa wote Ilford na Kisumu, poleni sana. Msiba huu ni wetu pia. Aristide na madereva wenzake, poleni.

Nasi tuliobaki tujiulize. Tumeshika nini ambacho mkono wetu hauwezi tena, na ni nani anasubiri tumpe? Nanyi madereva mlioko njiani sasa hivi, fanyeni jambo moja kwa ajili ya mzee huyu. Kabla ya kufunga mlango, tazameni kioo.