Wakubwa Watoke Kwanza: Maisha ya Bi Masouda binti Mahfoudh

Assalaam alaykum, mama zetu, dada zetu na majirani mliokuja kutupa mkono wa taazia siku hizi tatu. Baada ya hitma ya alasiri hii familia imenipa karatasi niwasomee upande wa wanawake, na Nasr, mtoto wa marehemu, anaisoma kwa wanaume. Naitwa Ghadeer, si mtoto wake wala si damu yake, na sababu ya kuchaguliwa mimi mtaisikia humu humu, kwani mwenyewe aliniagiza nisiiruke.

Marehemu alizaliwa Unguja, mtaa wa Vikokotoni, tarehe 13 Aprili 1948, akiwa mtoto wa nne, na alipotimia miaka miwili mama yake alimpa shangazi mtu, Bi Kheiria, ambaye hakujaaliwa kuzaa, akalelewa huko kwa mapenzi mpaka akawa mwari, kila Ijumaa akenda kula kwa mama yake na jioni akirudi kwa shangazi, wala hapakuwa na karatasi hata moja, kwa sababu hakuna aliyeona haja yake.

Alisoma skuli Unguja tangu mwaka 1955 hadi 1963, mwaka uliofuata familia ikahamia Mombasa, na huko tarehe 20 Julai 1968 akaolewa na Bwana Sleiman bin Msellem, fundi wa mashine za meli, ambaye kazi ilimpeleka Denmark, naye akamfuata Copenhagen Februari 1970, kwenye baridi aliyoapa kuwa hataistahamili hata wiki, akakaa miaka thelathini na tatu. Nasr, mtoto wao wa pekee, alizaliwa tarehe 9 Machi 1973. Asubuhi marehemu alisafisha wodi za hospitali, jioni alijifunza lugha, kisha akaingia chuo cha ustawi wa jamii, akahitimu mwaka 1979 na kuajiriwa katika ofisi ya ustawi wa watoto ya mji mdogo nje ya Copenhagen, kazi yake kuangalia kama mtoto yuko salama pale alipo, na kama hayuko, apelekwe wapi.

Sasa nimefika aliponiagiza. Mwezi wa Novemba 1993 alikabidhiwa faili la mtoto wa miaka sita anayeishi na mamkubwa wake, Bi Mastura, bila ya hati yoyote ya mahakama, na mtoto huyo ni mimi. Mama yangu mzazi, Bi Hind wa Sidab, hapa Muscat, alinitoa kwa dada yake huyo aliyekuwa akikaa Denmark nikiwa na miaka mitatu, vile vile kama marehemu alivyotolewa kwa shangazi yake. Bi Masouda alikuja nyumbani, akaandaliwa chai na visheti, na kanuni za ofisi zilimtaka aniulize mimi, faragha, napenda kukaa na nani, lakini yalipoanza mazungumzo ya wakubwa adabu aliyolelewa nayo ilimshinda, akaniambia, "Nenda kacheze, mwanangu." Nikatoka. Mamkubwa naye aliona haya kumweleza mtu wa serikali kwamba yeye hakuzaa na mdogo wake akampa mtoto, akajibu nusu nusu, na marehemu, kwa kuchelea wenzake wasije wakasema anawapendelea watu wa kwao, hakuandika kwamba hata yeye alilelewa hivyo hivyo. Aliandika kwamba mtoto hana mlezi wa kisheria na maoni yake hayakupatikana.

Tarehe 6 Disemba nilichukuliwa, nikapelekwa kwa familia ya mbali, mwendo wa saa tatu kwa treni, watu wema, sitowasema vibaya, walininunulia hata baiskeli, lakini hapakuwa na mtu wa kusema naye Kiswahili, na Mamkubwa aliporuhusiwa kuja kuniona baada ya miezi saba, alinisemesha nikashindwa kumjibu, akalia pale kituoni mbele ya watu. Marehemu ndiye aliyemsindikiza. Aliporudi kwake alimwambia mumewe, "Nimemfanyia mtoto wa watu jambo ambalo mimi sikufanyiwa," na Bwana Sleiman, Mungu amrehemu, akamjibu, "Basi kaliandike kama ulivyolisema."

Akaliandika, kwa jina lake, ripoti ya kuipinga ripoti yake, akachukua likizo akaja Muscat, akaenda na mama yangu mahakamani, akarudi na hati ya malezi, na kwa hayo mkuu wake alimwondoa kwenye kazi ya watoto kwa mwaka mzima akampanga kwenye chumba cha mafaili ya zamani. Tarehe 27 Januari 1995 nilirudi kwa Mamkubwa, baada ya miezi kumi na tatu na siku ishirini na moja.

Aliporudishwa kazini alinunua mkeka wa ukindu. Kila nyumba aliyoingia aliutandika sakafuni, akakaa na mtoto, na wakubwa akawaambia watoke kwanza, wakapike chai, maprofesa na mashekhe sawa sawa, na toka mwaka 1996 hadi 2003 aliitwa Rotterdam, Hamburg, Birmingham na Lisbon kuwafundisha maofisa wa ustawi jinsi ya kumsikiliza mtoto, na jinsi ya kutofautisha mtoto aliyetupwa na mtoto aliyepewa jamaa amlee, mkeka kwapani, kila uwanja wa ndege akisimamishwa aukunjue. Alikuwa mkali na mbishi, na waliofanya naye kazi hawakupumzika.

Mumewe alifariki mwaka 2001, naye Septemba 2003 akahamia hapa Muscat, akapanga fleti Ruwi nyuma ya kituo cha mabasi, watu wakamcheka kuwa katoka Ulaya kuja kulala juu ya duka la simu. Mwaka 2006 figo zilianza kumsumbua, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, nami nilipokuja kusomesha hapa mwaka jana nikahamia kwake. Alfajiri ya Alkhamisi tarehe 16 Oktoba 2008 alifariki, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa ghorofa zote waliotupikia, na wafanyakazi wenzake waliopiga simu kutoka mbali, akiwemo yule mkuu wake wa zamani, aliyelia.

Ada yetu ni kumwombea marehemu radhi kwa kila ambaye yeye alimkosea, na mimi ndiye niliyetumwa kuiomba. Mwezi uliopita chumba kilijaa jamaa wanabishana apelekwe hospitali gani, akawatoa wote, akaniambia, "Nnakuuliza leo, kwa sababu siku ile sikukuuliza. Ulitaka kukaa na nani?" Nilimwambia nilitaka kukaa na Mamkubwa, na kwamba sikwenda kucheza, nilisimama nyuma ya mlango, nikingoja kuitwa. Alinishika mkono. Nilimpa radhi yangu pale pale, na leo naitoa tena mbele yenu na mbele ya Mamkubwa Mastura, aliyekaa pale karibu na dirisha.

Watoto mnaowaona hapa mbele wamekaa juu ya mkeka wake, na aliusia wasitolewe nje wakati nikisoma. Bi Masouda, lala salama katika rehema za Mola wako, umeniuliza na nimekujibu.